Uliza kwanza, lipa nyuma: maneno kwa vijana wa Pangi juu ya kujifunza kazi

Maneno haya tutayaweka pia kwenye ukurasa wetu kwa vijana wa Kindu, wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na wale wa Kalima na Kampene, sababu maswali ni yale yale.

Leo hatukuja juu ya maandamano. Tulikuja juu ya swali ambalo mnatuuliza kila tunapopita: "Nataka kujifunza kazi. Nijiandikishe wapi, nitasoma muda gani, na pesa itatoka wapi?" Miaka mingi viongozi wanajibu swali hilo kwa hotuba. Wanasema vijana wasikae bure, vijana wajitegemee, vijana washike ufundi. Ni vizuri. Lakini kijana akiuliza bei gani na miezi mingapi, hotuba inaisha. Sisi tutaanza pale hotuba inapoishia.

Na tuseme neno moja kwanza juu ya hapa kwetu. Kujifunza kazi si kitu kigeni katika teritwari ya Pangi. Wazee wa Kalima wanajua: kampuni ya Symétain iliundwa mwaka 1932, na mwaka 1976 kampuni mbalimbali za madini ziliungana zikawa SOMINKI. Kulikuwa na atelieri, kulikuwa na kituo cha umeme cha Lutshurukuru, na mashine zile hazikujitengeneza zenyewe. Watoto wa hapa ndio walishika funguo, walifunga nyaya, walilehemu vyuma. Mwaka 1985 bei ya madini ya bati, ile kasiterite yetu, ilianguka dunia nzima, na nyuma yake kampuni ikafa polepole mpaka vita ikaikuta imekwisha kulala. Kasiterite yenyewe ingali inatoka udongoni mpaka leo. Kilichopotea ni mahali pa kujifunzia. Ndiyo maana leo kijana wa Pangi ni mchimbaji ao mbeba mzigo, na akitaka kuwa fundi lazima ajitafutie njia yeye mwenyewe, na njiani anakutana na watu wa kumuuzia karatasi.

Sasa, milango. Watu wanasema tu "niko nasoma ufundi," lakini mlango si mmoja, na kila mlango uko na karatasi yake ya mwisho. Ukikosea mlango utalia mbele.

Mlango wa kwanza ni sekondari ya ufundi, humanite teknike. Anaingia mtoto aliyemaliza mwaka wa 8 wa masomo ya msingi. Anasoma miaka 4, anafanya Egzameni ya Serikali, anapata diploma ya Serikali. Kwa diploma hiyo anaweza kujiandikisha chuo kikuu, hata pale Université de Kindu. Kuna pia mzunguko mfupi, ambao unaisha kwa breve. Breve ni karatasi ya kweli, inaonyesha kazi unayoijua, lakini si diploma ya Serikali, na mtu asikudanganye kwamba kwa breve utaingia chuo kikuu moja kwa moja. Tunalisema hili polepole sababu wazazi wengi wanalipa miaka wakifikiri ni kitu kimoja.

Mlango wa pili ni INPP, taasisi ya taifa ya kutayarisha watu kwa kazi. Ilianzishwa kwa ordonansi-sheria ya tarehe 29 Juni 1964. Hii si shule ya watoto. Ni ya mtu mzima anayetafuta kazi, ao aliye kazini na anataka kuongeza ujuzi. Masomo yake yanahesabika kwa miezi, si kwa miaka, na mwisho unapata sertifika. Na mjue pesa za INPP zinatoka wapi: waajiri wanapaswa kuchangia kila mwezi sehemu ya mishahara wanayolipa, kati ya 1% na 3% kufuatana na ukubwa wa kampuni. Maana yake kampuni inayofanya kazi kwenye udongo wetu iko na deni la sheria juu ya mafunzo. Tutarudia jambo la pesa.

Mlango wa tatu ni vituo vya kujifunza kazi vilivyo chini ya wizara ya Mambo ya Jamii, vile tunaita CAP. Hivyo viliwekwa kwa ajili ya kijana ambaye masomo yalimkatika. Kama hata shule ya msingi hukumaliza na ungali mdogo, kuna vituo vya kufidia masomo, CRS, ambavyo vinapitisha programu ya miaka 6 ya shule ya msingi kwa miaka 3. Kijana wa miaka 13 aliyetoka kwenye mgodi, mzazi asimpeleke moja kwa moja kwenye mashine ya kushona. Ampeleke kwanza kule ajue kusoma na kuhesabu. Fundi asiyejua kupima sentimita anaharibu kitambaa cha watu.

Mlango wa nne ndio ule mnaoujua zaidi: kukaa kwa fundi. Garaji, atelieri ya mbao, mama mwenye mashine tatu barazani kwake. Wengine wanaudharau. Sisi hatuudharau hata kidogo. Mafundi wengi wanaojenga nyumba za Kindu walitokea huko. Lakini mlango huu ndio vijana wanadhulumiwa sana, sababu kila kitu kinabaki mdomoni. Unakuja kujifunza mekaniki, unachota maji mwaka mzima, unaosha moto za bosi, unatumwa sokoni. Ukiuliza, unaambiwa ungali mwanafunzi. Kumbe Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inajua mkataba wa kujifunza kazi, na inataka uandikwe. Andikeni. Karatasi moja ya daftari inatosha kuanza: jina la fundi, jina la mwanafunzi, kazi gani atafundishwa, ataanza lini, atamaliza lini, atalipa nini ao atalipwa nini, saa ngapi anafika na saa ngapi anarudi. Papa ao mjomba atie sahihi, na shahidi mmoja. Fundi anayekataa kuandika tarehe ya kumaliza, mjue hataki umalize.

Hapo watu wanatuuliza: "Mimi niko na miaka 26, na niko na watoto wawili. Si nimechelewa?" Kwa sekondari, ndiyo, itakuwa vigumu kukaa na watoto wa miaka 15. Lakini INPP na kwa fundi, umri huo ni wa kawaida kabisa. Na yule aliyeacha sekondari katikati, akiwa anataka diploma, kuna njia ya kujiandikisha kwenye Egzameni ya Serikali kama otodidakti, mtu aliyejisomea. Si njia nyepesi. Inataka kusoma usiku na kufuatilia tarehe za inskripsyo kwa inspeksyo, sababu zikipita zimepita mpaka mwaka ujao.

Juu ya inskripsyo yenyewe. Msiende mikono mitupu. Chukueni kadi ya mpiga kura ao cheti cha kuzaliwa, buleteni ya mwisho ya shule kama iko, picha ndogo, na kopi za hayo yote. Asili inabaki nyumbani. Tunarudia: asili haiachwi kwenye biro ya mtu. Tunajua vijana ambao buleteni zao zilishikwa mpaka walipe deni ambalo hawakuambiwa mwanzoni. Na kabla ya kutoa franka ya kwanza, omba kuona agrema, ile karatasi ya Serikali inayokubali kituo hicho kifundishe. Hauombi upendeleo. Kituo cha kweli kinaitundika ukutani. Kile kinachokuambia "iko Kinshasa, inakuja," ngoja ifike ndipo ulipe.

Muda je? Tunaona matangazo: "Jifunze umeme kwa wiki sita." Sisi hatusemi wiki sita ni uongo daima. Kama tayari unajua kufunga nyaya na unataka tu kujifunza paneli za jua, wiki sita zinaweza kukufaa. Lakini mtu ambaye hajawahi kushika tesita, wiki sita zitamtosha kufa kwa umeme. Kwa hiyo usiulize miezi tu. Uliza saa ngapi kwa wiki, na kati ya hizo saa ngapi mkono uko kwenye chombo. Kituo cha miezi tisa chenye mashine mbili za kushona kwa wanafunzi arobaini, fanyeni hesabu: kila mashine inagombewa na watu ishirini. Kwa saa nne za atelieri, kila mtu anapata dakika kumi na mbili. Dakika kumi na mbili! Yule aliyekaa miezi minne kwa mama wa barazani, peke yake kwenye mashine, atawashinda wote. Ingieni ndani mkahesabu vyombo kabla ya kujiandikisha. Mkikatazwa kuingia, mmekwisha kupata jibu.

Sasa pesa, sababu najua ndiyo inawaweka hapa mpaka saa hii.

Bei wanayokuambia mlangoni ni ya mlangoni. Tutoe mfano tu, kusudi muone namna ya kuhesabu. Unaambiwa inskripsyo ni franka 10,000. Unafurahi. Lakini kila mwezi ni franka 15,000, na masomo ni miezi tisa: hiyo ni 135,000. Vitambaa, nyuzi na sindano 40,000. Karatasi ya mwisho na pesa ya jury 25,000. Jumla 210,000. Na hapo hujala, hujavuka mto kutoka Alunguli, hujampa mjomba wa Kindu kitu kidogo cha chumba. Vijana wengi hawashindwi na masomo. Wanashindwa mwezi wa sita, pesa ikikatika, na yale waliyokwisha kulipa hayarudi. Kwa hiyo siku ya kwanza mwambie mtu wa kituo aandike yote kwenye karatasi moja, kutoka inskripsyo mpaka sertifika, kisha uliza: nikikosa mwezi mmoja itakuwaje? Na risiti kila mara, hata kwa franka 500.

Kwa shule za Serikali kuna jambo lingine ambalo wazazi hawaambiwi. Kila mwaka gavana wa jimbo anatia sahihi arete inayosema pesa gani shule inaruhusiwa kuomba. Mzazi ako na haki ya kuuliza: hii unayoniomba, iko kwenye arete ao haiko? Masomo ya bure, ambayo Katiba ya 2006 inasema kwenye kifungu cha 43 na ambayo yalianza kutendeka Septemba 2019, ni ya shule ya msingi ya Serikali. Hayafiki sekondari ya ufundi, wala INPP, wala kwa fundi. Mtu akikuambia ukijiandikisha tu bursa itakuja yenyewe, muulize karatasi. Na zile liste za miradi, eti kuna shirika litalipia vijana na kuwapa kiti ya vyombo: mradi wa kweli hauuzi nafasi. Anayeomba franka 5,000 kusudi aandike jina lako, anauza hewa.

Basi itatoka wapi? Kwanza kuna yale tunayofanya wenyewe. Likelemba, AVEC, mama anayeuza mawese, gunia la mchele baada ya mavuno. Hatutaki kuyadharau, sababu kweli ndiyo yamesomesha Maniema. Shauri letu ni moja: msiingie kituo kabla zamu yako ya likelemba haijajulikana. Pangeni zamu ikutane na mwezi ule mgumu, wa tano ao wa sita. Na kama mko vijana watatu mnataka kazi moja, mmoja atangulie, wawili wachange. Akirudi na ujuzi anawafundisha na kuwarudishia. Lakini hilo nalo liandikwe, sababu urafiki wa Pangi ni mkubwa mpaka pesa ifike katikati.

Lakini wandugu, mama hawezi kubeba peke yake kile ambacho sheria imewapa wengine kubeba. Hapa ndipo tunataka mtege masikio.

Sheria ya madini ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Inasema kampuni yenye permi ikiuza madini, inalipa redevanse. Chukueni dolari 100 za redevanse hiyo: 50 zinakwenda kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, shefferie ao komini ambako madini yametoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kumi na tano hizo ni za hapa. Si za Kinshasa, si za Kindu. Zaidi ya hapo, sheria inaitaka kampuni itenge angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii inayozunguka mgodi, na isaini na jamii hiyo kaye de sharji, kitabu cha mambo iliyoahidi kufanya.

Hatusemi zile 15 zigawanywe kama posho. Zikigawanywa zitaliwa kwa siku moja, na watakaokula mnawajua. Tunasema atelieri ni jengo la faida ya wote, kama vile daraja. Paa, jenereta ao paneli za jua, mashine kumi za kushona, meza za useremala, mahali pa kulehemu, hapa Pangi, kusudi kijana asilazimike kwenda Kindu kulala chini kwa mjomba. Na kwenye kaye de sharji, pale wanapoandika madawati na tanki za maji, waandike pia idadi ya vijana watakaolipiwa masomo kila mwaka, kazi gani, kituo gani, na msichana ni wangapi kati yao. Namba. Ahadi isiyo na namba haipimiki.

Na wasichana tusiwataje kwa kupita tu. Kila mara dada akisema anataka kujifunza kazi, anaonyeshwa mashine ya kushona. Kushona ni kazi nzuri, lakini soko la Pangi linahitaji washonaji wangapi? Umeme wa jua, kutengeneza simu, kutengeneza moto, hakuna kati ya hizo inayotaka ndevu. Kile kinachowazuia kweli ni saa. Mama mwenye mtoto wa kunyonya hawezi kufika saa moja na nusu asubuhi na kurudi saa kumi. Kituo kikiweka zamu ya mchana na mkeka wa watoto kivulini, wataingia. Hilo halihitaji mfadhili wa Ulaya.

Kuna atakayesema: "Mtawauliza nani? Hawajibu." Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mkongomani ako na haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Sisi tunapenda kifungu hicho sababu kinahesabika. Unaandika, unapeleka kopi mbili, wanatia muhuri na tarehe kwenye kopi yako, na saa inaanza kutembea. Bila muhuri hakuna saa. Wakikataa kutia muhuri, mnaandika jina la biro, siku na saa, na watu wawili walioona.

Barua imekwisha kuandikwa, iko pale mezani chini ya mwembe. Inauliza mambo manne tu. Sekta imepokea kiasi gani cha redevanse tangu sheria ya 2018 ianze? Kilifanya nini? Ni kaye de sharji gani zimesainiwa katika teritwari yetu, na tunaweza kuzisoma wapi? Na ni vijana wangapi wa Pangi wamelipiwa mafunzo ya kazi kwa pesa hizo? Hatumtukani mtu, hatumshitaki mtu. Kama pesa ilifanya kazi, watatuonyesha, na sisi tutaandika hivyo kwenye ukurasa huu huu.

Mwenye kutaka kutia sahihi, aje na majina yake yote na jina la kijiji chake. Asiyejua kuandika, kuna wino wa kidole gumba. Wadogo wa chini ya miaka 18 wasitie sahihi, lakini wanaweza kukaa kusikiliza inaposomwa, kwa Kiswahili na kwa Kirega. Kopi mbili zitapelekwa kesho asubuhi kwenye biro ya sekta, na kopi nyingine kwa msimamizi wa teritwari. Ile yenye muhuri tutaipiga picha na kuiweka hapa, kila mtu aone tarehe na ahesabu miezi mitatu mwenyewe.

Na wale wenye karatasi za kituo mfukoni, wanaotaka tuzisome pamoja kabla hawajalipa, wakae upande huu wa kushoto. Tutaanza na ninyi.